Kile Makau Alikuwa Akifanya Jumamosi

Marehemu Bernard Makau Muthama alizaliwa tarehe 14 Agosti 1981 hapa Kajiado. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Muthama Nzioka na mama yake Kavata, ambaye ni mimi ninayeandika. Baba yake alikuwa anafanya kazi kwa machimbo ya mawe, na siku hiyo walikuwa wanapasua na baruti. Baruti ilipolia, watoto wote kwa wodi walianza kupiga nduru. Makau alinyamaza, akafungua macho. Yule muuguzi akasema, "Huyu anangoja ingine."

Kamati ya mazishi ilikuwa imeandika wasifu wake tayari, mfupi kama tangazo la ng'ombe amepotea. Nikauliza mambo ya Jumamosi iko wapi. Shemeji yangu Musila, ambaye ndiye mwenyekiti, akaniambia, "Mama Makau, tumeandika alipenda muziki. Inatosha. Ipite."

"Muziki gani?"

"Muziki tu."

"Basi na huko chini uandike alikufa tu."

Akacheka, halafu akaona mimi sicheki. Kwa hivyo nimesema yangu, Mwihaki mke wa marehemu akachapa, na Musila ndiye anawasomea kwa sababu ako na sauti kubwa. Asiruke mstari. Nimeketi karibu.

Sababu ni hii. Siku ya Jumanne tulikuwa kwa maombi nyumbani kwa marehemu, Kitengela, na watoto wakapelekwa chumba cha nyuma waombewe. Mwalimu mmoja wa Sande skuli akawaambia kwamba watu wa kusikiza ile muziki ya shetani huenda kwa moto, na hata wakiombewa ni bure. Simtaji. Anajijua, na pengine amepewa kiti cha mbele. Kavata, binti ya marehemu, ako na miaka kumi. Tangu siku hiyo amekataa kuona mwili wa baba yake, na amesema hatakuja kaburini. Mimi nyanya yake nilimuuliza ni nini. Akasema, "Susu, hata mimi nilikuwa nasikiza na yeye."

Mnaona. Mtoto hajaogopea baba peke yake. Anajiogopea yeye. Na huyo mtoto ako na jina langu. Kwa hivyo nitasema maisha ya Makau yote, wazi, ili asikie mbele ya watu wale wale.

Marehemu alisoma shule ya msingi iliyo ng'ambo ya reli, hapa Kajiado, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1995. Kidato cha nne alimaliza mwaka wa 1999, shule ya kutwa huko Isinya. Alipita vizuri kiasi. Walimu walisema ni mtoto mtulivu lakini ukimuuliza swali anakawia kujibu mpaka unasahau uliuliza nini.

Ile muziki ilikuja na koti. Mwaka wa 1996 nilimnunulia koti ya mitumba siku ya soko, na ndani ya mfuko kulikuwa na kaseti haina jina wala picha. Akaiweka kwa redio ya baba yake. Wimbo ukaanza, ukaenda, ukaenda. Gitaa ikalia, ngoma ikaingia, mwimbaji hajafika. Baba yake akauliza, "Kwani huyu mtu ataimba lini?" Makau akamwambia, "Baba, ngoja. Bado anakuja." Koti ilipokuwa ndogo tuliipeana. Kaseti ilipokatika aliiunga na selotepu, ikaendelea.

Mwaka wa 2001 alianza kazi Kitengela kama taniboi, yaani msaidizi wa dereva, wa lori ya maji. Baba yake alituacha mwaka wa 2004, na kutoka hapo Makau ndiye alikuwa mwanaume wa nyumba. Alipata leseni mwaka wa 2006, na mwaka wa 2012 akawa na lori yake mwenyewe. Alipelekea watu maji Noonkopir, Milimani na mpaka Korompoi. Wakati wa ule ukame mkali alikuwa analala kwa lori kwenye foleni ya kisima ili nyumba za watu zisikauke. Mama mmoja wa Korompoi aliniambia juzi hivi: "Kijana wako lori yake ilikuwa inakuja ikilia kama kanisa inaanguka. Lakini maji yake yalikuwa safi, na hakuwahi kunidanganya atakuja kesho."

Watu wanauliza alipenda nini kwa hiyo muziki. Niliuliza mimi pia. Akanieleza kwamba kisima kinajaza tangi polepole. Madereva wenzake wanacheza karata au wanalala. Nyimbo za redio ni fupi, zinakatika tangi haijafika hata nusu, unabaki unasikiza matangazo ya sabuni. Ile yake ilikuwa inatosha. Mpira ukiingia kwa tangi inaanza, maji ikimwagika juu inaisha. Hakuwa anapanda kuangalia. "Inakutoa mahali, Mama, inakupeleka, inakurudisha," akasema. "Hii ingine inakuacha tu mlangoni."

Alifunga ndoa na Judy Mwihaki tarehe 7 Disemba 2013 kanisani, Ngong. Watu wetu wengine walinung'unika kwamba ameenda kuoa Ngong kama wasichana wa Ukambani wameisha. Mimi sikujiunga nao, kwa sababu nilikuwa nimeona vile Mwihaki anamjibu. Kwa karamu Makau alitaka wimbo wake mmoja upigwe. Mwihaki akamwambia, "Baba, huu wimbo ukianza sasa, wageni watamaliza chakula, walale, waamke, na bado haujaisha. Tupigie kesho." Akakubali. Mungu aliwapa watoto wawili, Kavata mwaka wa 2014 na Muthama mwaka wa 2019.

Sasa tumefika Jumamosi.

Mwaka wa 2017 aliniambia kwa simu, "Mama, Jumamosi sitakuja Kajiado. Kuna watu wanakuja hapa tusikize albamu." Mimi ninajua albamu ni ya picha. Nikamwambia, "Albamu inaangaliwa." Akasema, "Hii inasikizwa." Nikajua laini ya simu ni mbaya. Lakini nilikuwa nimesikia maneno pia, kwamba kwa Makau wanafunga mapazia. Kwa hivyo Jumamosi nikachukua albamu yetu, ile ya jalada nyekundu iko na harusi yangu, nikaenda Kitengela bila kusema. Sikutaka wageni wafikirie nyumba yetu haina yake.

Mapazia yalikuwa yamefungwa kweli. Nilifungua moja, jua likanipiga machoni, nikaifunga mwenyewe. Kulikuwa na watu kama sita wameketi juu ya mitungi ya maji. Maina, anayetengeneza friji hapo Noonkopir, akaruka akanipatia mtungi wake. Resian, ambaye ni mwalimu, akaniinamishia kichwa vizuri, akanisalimia kwa Kimaasai, "Yeyo, takwenya." Nikaitika, "Iko." Nikamuuliza Maina, "Nyinyi ni chama ya nini?"

"Mama, tunasikiza roki, aina mbili. Moja inaitwa progresivu. Yaani kama ya maendeleo."

"Maendeleo gani na hamjanunua hata kiti?"

Walicheka sana. Makau alicheka mpaka akatoka nje.

Nikauliza ingine ni gani, kwa sababu walikuwa wamesema aina mbili. Maina akasema hiyo ya pili ni ya kuzungusha kichwa. Nikasema hiyo ni pombe ama bangi, nikainuka nikanusa vikombe vyote. Chai ilikuwa chai. Kwa sahani kulikuwa na mandazi ya Mwihaki. Hakukuwa na kitu ingine kwa hiyo nyumba, na nilitafuta.

Mambo yao ilikuwa hivi. Kila mtu anasema wiki hiyo amesikiza nini, albamu mpya imetoka wapi, na ni nzuri ama imeoza. Halafu wanachagua moja wanaisikiza yote. Resian akasema yeye amekuwa na vijana fulani wa Chile. "Mara ya kwanza hamtasikia kitu. Mara ya tatu ndio inafunguka."

Maina akasema, "Zii! Mara ya tatu nitakuwa nimezeeka. Hao niliwasikiza Jumatano. Mpiga ngoma amelewa."

"Hajalewa, anahesabu saba. Wewe umezoea nne."

"Anahesabu saba kwa sababu amelewa."

Mwihaki akapita na birika, akasema, "Mimi sufuria zangu zikianguka jikoni zinapiga poa kuliko huyo. Na hakuna mtu hunikalia kimya."

Makau akainua mkono. "Nyamazeni sasa. Susu wa Kavata amekuja na gari mbili. Tumpigie ya heshima."

Wakapiga hao hao wa Chile. Nilikuwa nimebebea Mwihaki maharagwe, nikayamwaga kwa ungo nikaanza kuchambua. Nilichambua ungo yote wimbo wa kwanza ukiwa bado. Sitadanganya kwa kaburi ya mtoto wangu: sikupenda. Kuna mahali ilikuwa kama mtu anavuta mabati. Lakini katikati kila kitu kilinyamaza, gitaa moja ikabaki inaita, polepole, kama mtu anaita ng'ombe wake jioni na hajui kama yuko karibu ama mbali. Kavata alikuwa mdogo, ameketi juu ya miguu ya baba yake. Makau akamwambia kwa sikio, "Sasa ngoja." Mtoto akangoja, macho imefungwa, mkono kwa goti la baba. Ile kelele yote iliporudi, mtoto akacheka kama amemwagiwa maji. Na Makau hakuwa anaangalia mtoto wala redio. Alikuwa ananiangalia mimi, kuona kama nimesikia. Nilikuwa nimesikia.

Ilipoisha walichukua albamu yangu ya picha, wakaiangalia ukurasa kwa ukurasa na ile heshima moja. Hiyo ndiyo Jumamosi. Waliifanya mpaka akashindwa. Aliyeona kitu ingine aje aseme mbele yangu.

Ugonjwa ulianza Krismasi ya 2023. Alikwama na kipande cha nyama, tukampiga mgongo, tukasema ni ulafi. Januari akakwama na ugali. Februari hata chai ilikuwa inarudi. Aliingizwa kamera kooni, na tarehe 26 Februari 2024 daktari akamwambia ni saratani ya koo la chakula. Alipelekwa Nairobi akachomwa na mionzi, akapewa dawa ya kudungwa. Nywele ziliisha, na ngozi ya shingo ikawa nyeusi kama chungu. Mwezi wa Septemba wakamwekea bomba ndogo ya waya kooni ili uji upite. Ulipita wiki chache. Mtu aliyekuwa anabeba mpira wa maji peke yake, Mwihaki alikuwa anambeba yeye mpaka chooni.

Watu walisema koo yake imefungwa na yale makelele. Kwa wodi, kitanda cha pili, kulikuwa na mzee wa kanisa, ameimba kwaya tangu ujana, na ugonjwa ni ule ule mmoja. Yeye alifungwa na nini? Niambieni.

Maina na Resian walikuja hospitali kila Jumamosi. Walimletea spika ndogo na habari za albamu mpya, nani ametoa nini, nani ameharibu. Mwanzoni alikuwa anabishana nao kwa vidole. Mwezi wa Januari mwaka huu akawaonyesha wazime. Kuna mtu ametaka niandike kwamba alikwenda akisikiza nyimbo zake. Hapana. Mwishoni hakutaka wimbo, hakutaka hadithi, hakutaka hata maombi yangu. Maumivu ilikuwa imechukua nafasi yote. Maina aliketi tu hapo na spika kwa mapaja, imezimwa, mpaka saa ya wageni ikaisha. Jumamosi iliyofuata akarudi akaketi tena.

Marehemu alifariki Jumapili asubuhi, tarehe 9 Machi 2025, katika hospitali hapa Kajiado, watu wakipita barabarani kwenda kanisa. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Mimi nilikuwa nimemshika mguu, kwa sababu mikono yote ilikuwa na sindano.

Ameacha mke wake Judy Mwihaki. Watoto wake Kavata na Muthama. Mama yake Kavata. Dada zake Kamene na Lorna. Na baba mdogo Musila anayewasomea. Ameacha pia Maina, Resian na wale wengine wa Jumamosi. Kamati ilikuwa imewaweka kwa "marafiki na majirani". Nimewatoa huko. Wao ndio watabeba jeneza, na pasta ameshaambiwa.

Kavata, mjukuu wangu, hii imechapwa, kwa hivyo hata ukiwa umejifungia ndani ya nyumba utaisoma. Mimi nilisikiza pia, wimbo wote, na masikio yangu mwenyewe. Kama kuna moto wa watu wa kusikiza, basi mwalimu wako atuandike sisi watatu, na aanze na mimi kwa sababu ndiye mkubwa. Lakini hakuna. Nimeishi miaka mingi kuliko huyo mwalimu na ninakwambia hakuna. Baba yako alikuwa anaketi na mtoto wake na marafiki wake, anakunywa chai, anangoja wimbo uishe.

Nimeambia wachimbaji, nimeambia pasta, nimeambia kamati: jeneza halishuki mpaka Kavata afike hapa na miguu yake. Asivutwe. Asibebwe. Asidanganywe na soda. Jua likiwa kali kuna hema, na chakula kiko, na mwenye haraka anajua njia ya Kitengela. Mimi niko kwa kiti changu na sitoki.

Wewe Makau, lala mwanangu, umechoka vya kutosha. Hii imebaki ni kazi yetu.