Kidole cha Bibi Kaltumi

Wasikilizaji wapendwa, ni mimi Wandera, na mnanijua, siwezi kuanza bila kujisifu. Katika Kampala nzima hakuna baba anayemwandaa mtoto wake kusoma kama mimi. Vera wangu ana miaka minne, na tayari anafuata maneno kwa kidole kama karani wa mahakama.

Haya, niache utani. Leo tunamkumbuka Bibi Kaltumi wa mtaa wa Namuwongo. Bibi Kaltumi, tuliyemzika Ijumaa.

Baada ya vita vya 1986 alirudi kutoka uhamishoni Sudan. Alirudi na binti mmoja, Sumayiya. Mwanawe Kamis alifia huko, ndiyo kwanza ameanza kushika kitabu.

Bibi akatandika mkeka mlangoni, karibu na reli. Yeye anasuka kawa za kufunikia chakula, watoto wa jirani wamemzunguka na vitabu, anawafundisha kusoma. Hivyo kila jioni.

Sumayiya ninaye hapa studioni. Anasema: "Mama hakuanza na herufi. Alifungua kitabu penye picha akauliza, 'Huyu mbuzi anakwenda wapi? Nani kamkasirisha?' Mtoto akijibu upuuzi, anamuuliza tena."

Waliotoka madrasa walifungua kitabu kwa nyuma, kuanzia kulia. Mimi ningewacheka wiki nzima. Bibi alifunga uzi mwekundu upande wa kushoto, akawaambia, "Mlango wa hiki uko huku."

Treni ikipita, alinyamaza. Kidole chake hakikutoka kwenye neno. Siku zake za mwisho kifua kilimbana, sauti ikakatika. Kidole kikaendelea kutembea, na watoto ndio waliosema maneno.

Sumayiya, wewe na ukoo wote, poleni sana. Mungu amrehemu mama yetu. Nanyi wazazi mnaonisikiliza, jiulizeni: nani anakaa na mtoto wako jioni? Kaeni naye, kama mimi ninavyokaa na Vera.

Ngojeni kidogo, Sumayiya ana neno. Sema, dada.

"Baba Vera, mtoto wako anasoma kwetu. Mama yake humleta ukiwa huku redioni."

Labda ni Vera mwingine, dada. Mji huu mkubwa.

"Ni wako. Anatuambia baba yake huongea na watu wote. Jana alikuja tena na kitabu. Nikamwambia bibi hayupo. Akakifungua, akakaa, akangoja aje mtu."