Bisibisi Mfukoni mwa Dereva

Sogeeni, wanangu, na anayetafuna aache kutafuna, maana pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kusema mara moja, si ya kurudiarudia. Wewe binti yangu, kifungua mimba wangu, kaa hapa kichwani mwa kitanda. Wewe Dereva, toka hapo mlangoni uingie ndani kama mtu mwenye kwao. Nawe kitinda mimba, liweke gitaa magotini na usizililie nyuzi zake, zitashika kutu. Wala msinong'onezane eti mzee anaweweseka. Mzee ana akili zake zote, tena ameiona bisibisi inayochungulia mfukoni mwa Dereva, na anajua imekuja kufanya nini humu.

Nyumba haina maneno: ni yenu nyote, msiuze hata tofali, na chumba cha uani ni cha shangazi yenu mpaka atakapochoka kulalamika. Yule fundi redio wa mtaa wa pili, aliyetangaza kwamba nitawaunguzia watu nyumba zao, mwambieni nimemsamehe kwa moyo mweupe, ila koleo langu alirudishe. Msamaha ni msamaha, na koleo ni koleo.

Sasa tuje kwenye hicho kinachowafanya msalimiane kupitia kwa mdogo wenu, mara "mwambie kaka yako apishe", mara "mwambie dada yako njia ni pana", utadhani mabalozi wa nchi mbili: amplifaya ile pale kwenye kona. Niliiokota imekufa, nyuma ya ukumbi tuliokuwa tukipiga muziki, imenyeshewa, panya wamezalia ndani, na wenzangu wa bendi wakasema tuiombee dua tuizike. Nikaibeba kichwani hadi nyumbani. Ni kweli, binti yangu, transfoma yake niliing'oa kwenye televisheni yako, nawe ukakaa jioni nzima mbele ya boksi tupu ukingoja taarifa ya habari na kuwalaani watu wa umeme. Ni kweli, Dereva, spika ni ya mlango wa gari lako, ndiyo maana ukawa unasikia nyimbo upande mmoja, ukaenda hospitali kusafishwa sikio. Ubao ni mlango wa banda la kuku. Kuku walilala wapi, aulizwe aliyekuwa akifagia jikoni. Na mshikio niliufungua kwenye sanduku la mjomba wenu, aliyekuja kututembelea akasahau kwao. Alipoona sanduku halina mshikio akadhani ni fumbo, kesho yake akaaga. Katika ufundi wangu wote sijapata kutengeneza kitu kikaleta faida kabla hakijawashwa, isipokuwa hicho.

Leo kila mtu anataka chake. Dada mtu anataka transfoma yake, Dereva spika yake, na kitinda mimba anasema yeye ndiye mpigaji, kwa hiyo abebe yote. Haya, ng'oeni! Mtagawana chuma, karatasi na mlango wa kuku. Transfoma haijui wimbo hata mmoja, wanangu, na spika peke yake ni sinia.

Ngojeni, nipate pumzi.

Nilipomaliza kulehemu nikaiwasha, ikavuma. Mmmmm! Kama nyuki waliokosewa adabu. Nikabadilisha hiki, nikakaza kile, wapi! Inavuma tu, hadi mama yenu, Mungu amrehemu, akatoka jikoni na unga mikononi, akaizaba kofi la mtu aliyechoka na ndoa. Mkono ukabaki pale juu ya bati la kifuniko chake. Kimya. Akautoa, mvumo, akaurudisha, kimya. Akanitazama, akasema, "Kumbe dude lenyewe linataka kushikwa tu, kama mwenye nalo." Tangu hapo, mimi nikipiga, yeye yuko ubavuni, mkono juu ya bati, akinihadithia ya majirani, nami sikosi noti wala neno.

Waya wa shibiri moja ungeumaliza mvumo ule. Mahali pake napajua hata nikifumba macho. Sikuuweka, na asije fundi yeyote akauweka, kwa sababu mvumo ukiisha nani angekuja kuketi nami? Nilimpenda yule mwanamke, wanangu, na yeye alikuwa na kazi nyingi.

Basi wosia wangu ndio huu: amplifaya siigawi. Mmoja apige, mwingine ashike, kidole kimoja hakivunji chawa. Na kama hamsemezani, shikeni hivyo hivyo mmenuna. Bati halijui nani kanuna. Lakini hakuna awezaye kupiga na kushika peke yake, nimekwisha kujaribu, hata kwa mguu. Nilianguka.

Maji... asante. Kitinda mimba, iwashe. Ingoje ipate moto, ni mzee mwenzangu. Eeh, mnaisikia? Binti yangu, weka mkono... si hapo. Pale rangi ilipochubuka. Hicho ni kiganja cha mama yenu. Haa! Piga, mwanangu. Ule wa kwanza niliokufundisha, na usikosee pale unapokosea kila siku.

Radhi zangu nawapa, zote, sikubakiza ya kuondoka nayo. Mungu awakuze, awape wa kuketi nao. Shangazi yenu... mvumilieni. Na kuku... wapeni mlango...

Mbona inavuma tena? Nani katoa mkono? Anafuta machozi? Mwacheni afute. Dereva... shika wewe. Shika, baba, haiumi. Karibu na dada yako... hapo hapo.

Haa.

Nini hicho kilichoanguka? Bisibisi? Iache... iache huko huko chini. Piga, mwanangu.