Shada la Vika na Tikiti Maji la Mama Yake

LUPE: Haloo? Nani mwenzangu?

KALOLAINE: Mkubwa wako. Hujambo, wifi?

LUPE: Sijambo, wifi Kalolaine. Shikamoo. Namba ngeni hii, si ile yako ya Auckland.

KALOLAINE: Marahaba. Laini ya kuazima. Mmesikia, au Tonga nzima mmelala?

LUPE: Tumesikia redioni. Mwanangu kadaka penalti ya mwisho ya mchujo, wasichana wetu wamefuzu Kombe la Oceania. Kaka yako kapiga sufuria kwa furaha mpaka ikatoboka. Sasa sina pa kupikia.

KALOLAINE: Redio haina macho, wifi. Yule binti wa Visiwa vya Cook alirudi nyuma kuchukua mbio, akarudi, akarudi, tukadhani kaenda kwao. Alipoupiga, upepo wa mpira ukamvua mchungaji wetu kofia, naye kakaa goli la upande wa pili. Vika wako akaukumbatia kama —

LUPE: Kofia? Redio haikusema kofia. Wewe umeiona wapi?

KALOLAINE: Nilikuwepo.

LUPE: Uko Samoa? Apia, kwenye mechi?

KALOLAINE: Apia, kiti cha mbele. Shangazi asipokuwepo, awepo nani?

LUPE: Mama yake, labda.

KALOLAINE: Nini? Kunakwaruza huku.

LUPE: Nasema, vizuri.

KALOLAINE: Haya. Tupange ya uwanja wa ndege. Shada la kwanza shingoni mwa Vika nalivisha mimi, hilo unajua. Wewe na kaka zako mtakuwa jikoni na nguruwe —

LUPE: Najua, wifi. Siku anatimiza mwaka nilioka keki ya ghorofa tatu, ikaondoka na gari lako. Mkeka wa mama yangu, gari lako. Hata jina ulimpa wewe. Mimi niliachiwa uchungu tu.

KALOLAINE: Ndiyo desturi yetu Tonga, vya mtoto huenda kwa shangazi. Shangazi ni shangazi. Sikuitunga mimi.

LUPE: Sijabisha. Timu inatua Jumamosi. Njoo Jumamosi.

KALOLAINE: Jumamosi?

LUPE: Jumamosi jioni.

KALOLAINE: Ajabu. Mimi napanda ndege moja nao, na ndege yenyewe ni Alhamisi. Labda rubani atapitia Fiji kwanza, akae siku mbili akinunua chumvi.

LUPE: Huenda redio imekosea.

KALOLAINE: Redio, eh. Na shada umeshasuka?

LUPE: Bado.

KALOLAINE: Lupe.

LUPE: Liko kwenye friji. La heilala, maua ya pale nyuma ya nyumba. Wifi, nilitaka mara moja tu. Nimvishe mimi kabla hamjafika, halafu mchukue vyote. Mkeka, nguruwe, friji. Na mimi mnipakie.

[mtandao unakwaruza]

LUPE: Na bado umenishinda. Redioni walimuuliza nani kamfundisha kudaka, akasema, "Kwanza namshukuru shangazi yangu." Mara umeme ukakatika. Nimesikia kwa masikio haya.

KALOLAINE: Ulikatikia wapi?

LUPE: Hapo hapo, kwenye shangazi.

KALOLAINE: Basi hapo panatosha.

LUPE: Kwani aliendelea?

KALOLAINE: Mtandao huu, wifi, sikupati —

LUPE: Unanipata. Aliendelea?

KALOLAINE: [anashusha pumzi] Mimi alinishukuru kwa glavu. Maneno mawili. Kisha akaanza mama. Mama, mama, mpaka mkono wa mtangazaji ukafa ganzi kwa kushika kipaza sauti. Eti wakati wa mavuno wewe uko chini shambani unarusha matikiti maji, yeye yuko juu ya lori anadaka, na anayedondosha hali chakula cha mchana. Eti kwa mtu aliyezoea matikiti ya mama, penalti ni kama kurushiwa mkate. Na mimi nimesimama pembeni na maua yangu kama mlingoti usio na bendera. Nimevuka bahari nzima kwenda kusikiliza habari za matikiti.

LUPE: Alisema hivyo? Mbele ya watu?

KALOLAINE: Nimepiga simu hii kusudi nisikwambie.

LUPE: Wifi —

KALOLAINE: Nyamaza, salio linaisha. Sasa nasema kama shangazi, na neno la shangazi halibishiwi nyumbani kwenu. Alhamisi njoo na tikiti. Kubwa, lile la kubebwa na watu wawili. Vika akitokeza tu mlangoni, kabla ya mchungaji, kabla yangu, mrushie.

LUPE: Watu watasema nimerukwa na akili.

KALOLAINE: Wataambiwa ni amri yangu. Shada nalivisha mimi, hilo sikupi, na lile la kwenye friji lilete pia. Ila nitakapomvisha, mikono yake itakuwa imejaa.

LUPE: Ahsante, wifi.

KALOLAINE: Usinishukuru, bado nina hasira.

LUPE: Na akilidondosha?

KALOLAINE: Hali mchana, si ndiyo sheria yako? Lupe, halafu —

LUPE: Naam?

KALOLAINE: Lete na jingine. Dogo. La kunirushia mimi. Nione tu kama na mimi ninge —

LUPE: Wifi? Haloo? Mtu mzima wewe, utavunjika mkono. Haloo?