Yustina Banzi, Mama Aliyemkaribisha Bibi Chausiku

Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Wazee wetu mliokaa hapa, shikamooni. Mimi ni Elia Amosi, mtoto wa pili wa marehemu, na wajomba zangu pamoja na dada yangu Rosa wamenipa kazi ya kusimama mbele yenu na kusema mama yetu alikuwa nani, ingawa wengi wenu mlimfahamu kabla mimi sijazaliwa, na wengine mna habari zake ambazo sisi watoto tumezisikia kwa mara ya kwanza katika siku hizi za msiba.

Mama yetu Yustina alizaliwa tarehe 19 Novemba 1953, hapa hapa Matombo, katika kitongoji cha Lugongo, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Banzi, mkulima wa ndizi na pilipili manga, na mama Hosiana, ambaye wengi mlimwita Bi Hosi, akabatizwa mwezi uliofuata katika kanisa la misheni, na akakua akibeba maji na kuni katika miteremko hii kama watoto wote wa hapa.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1962 na kumaliza la saba mwaka 1968, akafaulu, lakini mwaka ule ule baba yake aliteleza shambani akavunjika nyonga, asiweze tena kupanda mlima, hivyo mama akabaki nyumbani kumuuguza na kulima badala yake, na katika maisha yake yote hatukumsikia akisema kwamba alinyimwa kitu. Tangu hapo kazi yake ilikuwa kilimo, akipanda migomba, mdalasini na pilipili manga, akipeleka mazao sokoni kwa kichwa, na kwa miaka mingi alisaidia pia kupika kwa ajili ya wagonjwa wasio na ndugu waliolazwa hospitali ya misheni.

Jumamosi tarehe 14 Oktoba 1972 alifunga ndoa takatifu na baba yetu, marehemu Amosi Kibua, fundi seremala, mtu wa maneno machache, na Mungu akawajalia watoto wanne, yaani Rosa mwaka 1974, mimi mwaka 1977, Hosiana, aliyepewa jina la bibi yake, mwaka 1981, na Baraka mwaka 1985.

Baraka hayupo nasi. Ndugu zangu, hapa ndipo ilipo historia yenyewe ya mama yetu, na naomba mnivumilie niieleze kama ilivyotokea, kwa sababu baba mdogo Mikaeli, mdogo wake baba, ambaye ameketi pale mbele, nilipomwendea jana kuomba ruhusa alinijibu, "Soma yote, Elia, na jina langu ulitaje."

Mwanzoni mwa Agosti 1994 Baraka alishikwa na homa kali, akaanza kuweweseka, akapelekwa misheni akiwa amebebwa mgongoni, na daktari akasema kwamba ni malaria iliyokwisha kupanda kichwani, akajitahidi sana, lakini Jumamosi tarehe 6 mtoto akafariki, akiwa na umri wa miaka tisa. Daktari alieleza vizuri, ila huku nyumbani maneno yalikuwa mengine. Bondeni chini ya kwetu aliishi Bibi Chausiku, mjane aliyezika mume na watoto wake wote, aliyebaki peke yake, na siku chache kabla ya ugonjwa Baraka alionekana kwake akila mapera, basi watu wakaunganisha mapera na kifo, na ilipofika siku ya kuanua tanga neno mchawi lilikuwa linasemwa waziwazi, hata na watu waliokuwa wakila chakula cha msiba uani kwetu.

Mchana wa siku ile vijana na watu wazima waliinuka pale uani, wengine na mapanga, mmoja na dumu la mafuta ya taa, mbele yao akiwa baba mdogo Mikaeli, ambaye alimpenda Baraka kama mwanawe wa kumzaa, na wakaanza kuteremka bondeni. Mama alikuwa ndani amelala mkekani, hajala wala kusema kitu tangu mazishi, na aliposikia kelele akauliza wanakwenda wapi, shangazi mmoja akamwambia. Mama akasimama. Tulidhani anataka kwenda kujisaidia, kumbe alipita nyuma ya nyumba, akakata katikati ya migomba bila viatu, akawatangulia, na mimi nilipofika nikimkimbilia nilimkuta amekaa kwenye kizingiti cha Bibi Chausiku, mgongo wake ukiwa umeegemea mlango.

Baba mdogo alimwambia, "Shemeji, ondoka hapo. Huyu ndiye aliyemmaliza mtoto wako."

Mama akajibu, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba watu walilazimika kunyamaza ili waisikie, "Mtoto ni wangu, shemeji. Msiba ni wangu. Mimi ndiye niliyefiwa, na mimi sijawatuma."

"Utajuaje kama si yeye?"

"Sijui. Na wewe hujui. Mkitaka kuchoma, chomeni na mimi humu, halafu mpande mkamweleze Amosi."

Hakuna aliyesogea. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nilikuwa naogopa, na hadi leo sijaona watu wengi namna ile wakisimamishwa na mtu aliyekaa chini. Mama akageuka, akagonga mlango kama mgeni, akasema, "Hodi bibi. Shikamoo. Fungua, ni mama Baraka." Bibi alipofungua, mama akamshika mkono akamwambia waende nyumbani. Bibi akakataa, akasema, "Mwanangu, niache hapa hapa, nitakuletea balaa."

Mama akamwambia, "Balaa limeshafika, bibi. Twende."

Wakapanda mlima wale wawili, mama mwenye msiba akimkokota bibi aliyetuhumiwa kwa msiba huo huo, wakapita katikati ya wenye mapanga, na hawajafika nusu ya njia nyumba ya bondeni ikawashwa moto nyuma yao. Bibi aligeuka akatazama, mama hakugeuka. Usiku ule Bibi Chausiku alilala katika kitanda cha Baraka, kwa sababu ndicho kitanda pekee kilichokuwa wazi katika nyumba yetu.

Siku kadhaa zikapita. Kisha asubuhi moja tukasikia randa ya baba, na jioni akaingia na kitanda kipya, kifupi, cha kumtosha mtu mzee, akakiweka upande wa jiko penye joto, akaenda kunawa.

Wapendwa, msidhani mama hakuwa na hofu. Dada Rosa alimuuliza katika siku zile za mwanzo, "Mama, wewe humwogopi?" na mama akamjibu, "Namwogopa sana. Peleka maji ya moto, aoge." Siku ambayo bibi alipata nguvu akaomba apike, akatusongea ugali na kutupikia kisamvu, sisi watoto tuliketi tukautazama ule ugali hakuna anayenyoosha mkono, na mama ndiye aliyekata tonge la kwanza, akafumba macho, akatafuna, akameza, akasema kimepikwa vizuri, ndipo akatugawia. Miaka mingi baadaye nilimuuliza ni kitu gani kilimpa moyo, akasema, "Nilikuwa nasali kila siku kwamba mimi ni mwanafunzi wa Yesu, na Yesu hakuniambia nimpende mtu nikishamaliza kumchunguza." Sikumsikia akihubiri zaidi ya hapo.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Sokoni watu waliruka ndizi zake wakanunua za jirani, kisimani wanawake walisubiri achote aondoke ndipo wasogee, hata jumuiya yetu ya sala ilipofika zamu ya kusali nyumbani kwetu ikahamia kwa mwingine, na mama mmoja wa jumuiya akaja kumsihi kwa upole amtoe yule bibi ili mambo yarudi kama zamani. Mama alimpikia chai, akamsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Dada, nikimtoa huyu nitarudi kwenye sala nikiwa na nini?" Hosiana aliachwa na marafiki zake shuleni, akalia, na mama akalia pamoja naye, lakini bibi hakutolewa.

Wala hakumtaka bibi awe kitu kingine. Bibi Chausiku alikuwa Mwislamu, akabaki Mwislamu, mama alimtengea ndoo yake ya maji ya udhu, na kila mfungo wa Ramadhani alihakikisha uji wa futari uko tayari jua linapozama, kisha wale wawili wakakaa barazani, mmoja na tasbihi na mwingine na rozari, wakibishana kuhusu mvua.

Bibi aliishi nasi hadi tarehe 2 Juni 2003, alipofariki kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama. Mama alijifunga kanga akaenda kwa Bi Sabra, jirani yetu, akamwambia, "Mwenzangu, mimi sijui kumwosha kwa taratibu zenu, na sitaki azikwe kama mtu asiye na watu. Nisaidie." Bi Sabra akaingia ndani akachukua mtandio wake, akawaita wenzake, na wale wanawake ambao kwa miaka ile yote hawakukanyaga uani kwetu walikuja wakamwosha bibi, wakamkafini, na masheikh wakaja wakamswalia. Jeneza lilipoinuliwa, baba mdogo Mikaeli alikuwa amesimama mbali pembeni ya migomba, hajaongea na mama tangu siku ile ya bondeni, na sote tuliona anasogea, anavua kofia, anaweka bega lake chini ya jeneza, na hakubadilishana na mtu hadi kaburini. Waliporudi, mama alimwekea maji ya kunawa, akamwambia, "Karibu chakula, shemeji," naye akaketi akala.

Baada ya hapo mlango ule haukufungwa tena. Walikuja wazee wengine waliotuhumiwa, mmoja aliletwa kutoka ng'ambo ya mto Mvuha na mwanawe mwenyewe, aliyelia akisema hana tena namna ya kumlinda mama yake, mwingine alijileta akiwa na kuku mmoja tu, na baba, hadi alipofariki mwaka 2011, alitengeneza kitanda kwa kila aliyefika. Mama hakuwauliza walikotoka walifanya nini. Aliwauliza wanakula nini na hawali nini. Na polepole, kwa namna ambayo mimi siwezi kuieleza na sijaribu, ndizi zake zikanunuliwa tena, jumuiya ikarudi kusali kwetu, na zamu ya kwetu ikawa ndiyo inayojaza watu.

Mwaka 2021 mama aligundulika kuwa na shinikizo la damu, kisha figo zikaanza kushindwa, na mwaka jana mwezi wa Septemba tulimpeleka Bigwa kwa dada Rosa ili awe karibu na matibabu. Hakufurahi kuondoka Matombo, alikuwa akipiga simu kila asubuhi kuuliza akina bibi aliowaacha nyumbani wameamkaje, kabla hajatueleza yeye mwenyewe ameamkaje. Mwishoni mwa Januari alizidiwa, akalazwa mjini Morogoro, na Jumatatu ya wiki hii tukiwa wote pale kitandani aliuliza, "Nani anabaki na akina bibi?"  Dada Rosa, ambaye mnajua ana nyumba yake Bigwa, ana duka lake na wajukuu zake, akasema, "Mimi, mama. Narudi nyumbani." Mama akamwambia amwondolee mito ya nyuma ya mgongo wake, ili apate kupumzika vizuri. Alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka sabini na moja.

Ameacha watoto watatu, wajukuu tisa na vitukuu watatu, pamoja na akina bibi wawili mnaowaona pale kwenye mkeka wa mbele, mahali pa wafiwa, kwa sababu nao ni wafiwa.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia mama kwa moyo, majirani wa Bigwa waliotusindikiza, mapadre na watawa wa misheni, wenzake wa jumuiya na wa sokoni, Bi Sabra na akina mama wa Kiislamu waliokuwa jikoni tangu Jumanne, na baba mdogo Mikaeli, ambaye ana miaka sabini na tano, na aliyekataa katakata kumpisha kijana yeyote jembe wakati wa kuchimba kaburi. Tuliowasahau mtusamehe, hatuna shukrani inayotosha.

Na kwa kuwa baadhi yenu mmetuuliza tangu jana kwa sauti ya chini, familia inapenda kujibu kwa sauti ya juu, kwamba nyumba ya Yustina Banzi haifungwi, haigawanywi, na wakazi wake hawahamishwi. Dada Rosa ameshapanga vitu vyake, na mwenye mzazi ambaye hapo anapoishi hayuko salama, amlete, chakula kipo.

Mama, umefanya kazi yako. Sisi tumeona, na bado tunashangaa. Pumzika sasa, kwa amani ya Bwana uliyemfuata.