Paskali Mughwai na Ndege wa Ziwa Kindai

Ndugu waombolezaji, habari hizi nimezisema mimi Theodora, mjane wake, na mwanangu Anselm anawasomea, kwa kuwa mimi sikupita shuleni.

Paskali Mughwai alizaliwa mwaka 1910 hapa Singida, akasoma kwa mapadri miaka michache, akabatizwa Pasaka ya 1926, kisha akaenda Sekenke kuchimba dhahabu, akarudi Juni 1935 na fahali wa mahari yangu, naye baba alikuwa ameshasema kwamba mwezi ule ukiisha fahali hajafika, binti ataolewa kwingine.

Kwa haraka hiyo akakata njia kandokando ya Kindai. Mimi na dada yangu Selina tulikuwa tunakwangua chumvi, tukamwona anamswaga fahali kuelekea walikotulia ndege weupe wenye mabaka meusi, maana huku kwetu sote tunajua, ndege wa miguu mirefu anaposimama, hapo maji ni mafupi. Selina akaita, "Shemeji, hao wanaogelea, fuata wale wa miguu myekundu." Akajibu, "Ndege ni wale wale, dume na jike," na hapo hapo fahali akazama matopeni hadi tumboni.

Tulimvuta kwa kamba na kwa nguo zetu mpaka akatoka. Baba akauliza, "Mkwe, kwani ng'ombe huyu ana rangi gani?" lakini alimpokea, tukafunga ndoa tarehe 13 Julai 1935, Mungu akatupa Anselm mwaka 1937 na Klara mwaka 1941.

Ubishi haukuisha. Mimi nilisema mwenye miguu myekundu anasimama na kudonoa kwa mdomo ulionyooka, mwenzake mdomo umepinda juu, anafagia maji kama anayefagia ua, na vidole vyake vimeshikana kwa ngozi kama vya bata. Yeye alisema, "Mama Anselm, hata mimi na wewe hatufanani."

Machi 1958 alianza kuugua kifua. Mwezi Mei Anselm alimpeleka ziwani kwa baiskeli, na huko baba yake akawaona wenye miguu myekundu wawili wakipokezana kulalia mayai. Aliporudi akaniambia, "Kumbe wana wake zao," akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. Alifariki tarehe 2 Juni, nyumbani.

Tunawashukuru mganga na wauguzi wa misheni, majirani waliotuletea kuni na maji, na wenzake wa Sekenke waliokuja kwa miguu.

Pumzika kwa amani, Paskali, safari hii umefika mahali pakavu.