Shauri la Mtamba wa Andrea

Duka la ushirika pale mtaa wa Bagamoyo, mjini Tukuyu, lilikuwa limefungwa tangu watu binafsi walipopewa ruksa ya kuuza wanachotaka, lakini baraza yake haikufungwa. Juu kulikuwa na bati la kukinga mvua, chini kulikuwa na benchi refu la mbao, na mbele ya benchi Muddy aliweka jiko la mkaa, dele lake la kahawa na sinia la kashata. Mvua ya Tukuyu haibishi hodi, kwa hiyo wenye kazi na wasio na kazi wote waliishia hapo. Kasim, muuza mitumba, walimwita Redio, maana habari zilimfikia kabla hazijatokea. Wilson walimwita Wakili. Sheria hakuisoma, ila aliwahi kukaa Dar es Salaam kwenye chumba kilichotazamana na mahakama. Meshaki, fundi muashi aliyehamia mjini kutoka Mpuguso, hakuwa na jina la utani, na mwenyewe alijua sababu: lile ambalo wangempa wasingeweza kulitamka mbele yake.

Asubuhi hiyo Meshaki alikaa bila kusalimu. Muddy akamtilia kahawa bila kuulizwa.

— Kaka, jana mkutanoni kwako nilikuwepo, alianza Redio. Walianza wawili tu, mara wakawa zizi zima.

— Nyamaza, Redio.

— Nasema nilichokisikia! Wewe umefika kwenye habari ya maji ya bomba, wao "mbuuu!" Ukisogea kwenye taa za barabarani, "mbuuu!" Hata mimi nilitaka kwenda kukata majani.

Muddy alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Meshaki alitazama kikombe. Alikuwa anagombea uenyekiti wa mtaa, mwaka ule wa kwanza wa vyama vingi kushindana kwenye mitaa na vijiji, na kwa muda wote wa kampeni alidhani watu watambishia kuhusu mabomba. Hakufikiri kwamba mpinzani wake angekwenda mpaka Mpuguso kufukua habari ya ujana wake.

— Mnalijua jambo lenyewe? aliuliza.

Wote watatu walitazama mvua. Walilijua. Tukuyu nzima ililijua. Zamani, Meshaki akiwa kijana, mtamba wa jirani yake Andrea alipotea, na watu wakasema alikutwa amefungwa kwenye mgomba wa Meshaki. Andrea akamshtaki wizi kwenye mahakama ya mwanzo.

— Na mahakama iliniachia, alisema Meshaki. Sikufungwa hata siku moja. Sasa nataka hukumu yangu. Nikiipata, Jumamosi naisoma mbele ya wote, kwa kipaza sauti, halafu tuone nani atalia mbuu.

— Hapo umenena! Wakili alivuta kola ya koti lake la mtumba. Lakini hukumu haiokotwi kama parachichi, bwana. Kuna taratibu. Kwanza unaandika kwa Kiingereza. Nakala tatu. Ya kwanza kwa hakimu, ya pili kwa mkuu wake, ya tatu unaichana.

— Naichana kwa nini?

— Ndiyo taratibu. Halafu unamtafuta wakili kutoka Mbeya, mwenye ile kola nyeupe yenye mikia miwili. Bila ile mikia jalada halifunguki.

— Acha fiksi, Wakili, alidakia Redio. Jalada lenyewe halipo. Majalada yote ya zamani yalipakiwa kwenye lori kwenda Mbeya. Lori likakatika breki kwenye mteremko wa Kiwira. Makaratasi yote mtoni! Watu wa chini kule walikuwa wanavua samaki, wanavua na hati za talaka.

— Nani kakwambia?

— Mtu aliyemwona mtu aliyevua.

Muddy alitikisa kichwa huku akipuliza mkaa. — Hamna cha lori. Mimi mwenyewe nimenunua karanga pale sokoni, zimefungwa kwenye karatasi ya mahakama. Wallahi. Imeandikwa, "Shahidi wa pili akasema alimwona mdaiwa akitoka jikoni na mwiko." Nikataka kujua alikwenda nao wapi huo mwiko. Nikarudi kununua karanga nyingine, nikapewa ukurasa wa hesabu za darasa la nne.

— Umeona! Wakili alipiga goti. Yanauzwa! Siku hizi kila kitu ni ruksa. Mabasi yameuzwa, viwanda vimeuzwa, unadhani majalada yatabaki? Yamenunuliwa na mwekezaji.

— Mwekezaji anataka ng'ombe wa Andrea?

— Ndiyo maana mtakufa maskini, hamjui biashara. Anakusanya kesi za wote, anakaa nazo, siku ukitaka kugombea anakuuzia. Au anamuuzia mwenzako.

Redio hakukubali kushindwa kwenye ukumbi wake. Akasema amesikia kwamba huko Ulaya kuna mashine inayosoma mashauri hata kama yamechomwa, inanusa majivu. Muddy akauliza je, majivu ya jiko lake yanaweza kuwa na kesi ya mtu. Wote wakatazama jiko.

Meshaki alicheka bila kutaka. Ndivyo kijiwe kilivyokuwa. Unakuja na jiwe kifuani, wanakuchekesha, jiwe linabaki palepale. Alimaliza kahawa, akavaa kofia ya plastiki na kutoka kwenye mvua.

— Unakwenda wapi? Wakili alimwita. Hatujaamua!

— Kuuliza.

Mahakama ya mwanzo haikuwa mbali, ila alitembea polepole. Mara ya mwisho alipoingia pale alikuwa na nywele zote kichwani na alisimama mwenyewe kizimbani huku wenzake wa rika moja wakichungulia dirishani. Karani alikuwa mama mmoja aliyeitwa Veronika, mwenye sweta la sufu na miwani iliyofungwa kamba.

— Ugonile, mama, Meshaki alisalimu kwa Kinyakyusa.

— Ugonile. Karibu, baba. Shida gani?

Meshaki alikuwa ameandaa maneno mengi. Yaliyotoka yalikuwa machache. — Natafuta hukumu ya zamani.

— Jina la mshtakiwa?

— Mimi.

— Kwenye rejista hakuna anayeitwa Mimi, baba.

Akataja jina lake na la baba yake. Akataja jina la Andrea, mlalamikaji. Kosa? Wizi wa mtamba. Neno hilo alilisema kwa sauti ya chini, lakini Veronika aliliandika kama anaandika sukari. Namba ya shauri hakuwa nayo.

— Si neno. Nipe mwaka, nitaipata namba kwenye rejista ya jinai. Bila mwaka nitafungua vitabu mpaka Pasaka.

Mwaka hakuukumbuka. Alikumbuka mvua ya mawe iliyopasua migomba, na mke wake akiwa na mimba ya Atupele, mtoto wao wa kwanza. Veronika akamwambia kwamba mvua ya mawe haina tarehe ila mtoto ana cheti cha ubatizo. Meshaki akarudi nyumbani, akafukua sanduku la mkewe, akaja na cheti. Kidole cha Veronika kilishuka taratibu kwenye kurasa za mwaka huo na wa kabla yake, kikasimama.

— Huyu hapa.

Jina lake lilikuwa pale, kwa mwandiko mzuri wa mtu asiyemjua, katikati ya mwizi wa mabati na mtu aliyepiga shemeji yake.

Mengine hayakuwa na mikia miwili. Aliandika barua fupi kwa hakimu, kwa Kiswahili, akieleza yeye ni nani, shauri namba fulani, na kwamba anaomba nakala kwa kuwa alikuwa mshtakiwa. Hakimu akasoma, akaandika pembeni apewe. Meshaki akalipa ada ndogo, akapewa risiti, akaambiwa arudi, kwa sababu jalada lilikuwa stoo chini ya mengine na mpiga chapa alikuwa mmoja. Aliporudi, alipewa karatasi moja yenye muhuri.

— Hii tu? aliuliza.

— Shauri lilikuwa fupi, baba, alijibu Veronika.

Siku iliyotangulia mkutano, kijiwe kilijaa mapema. Mvua ilikuwa imeshika. Kwenye nafasi ya mwisho ya benchi alikuwa amekaa dada mmoja mwenye mwavuli uliovunjika mbavu, muuguzi mgeni aliyekuwa na siku chache tu tangu ahamishiwe hospitali ya Makandana kutoka Singida. Alikwisha kujitambulisha kwa Muddy: Hellen. Alishika kikombe kwa mikono miwili akilaani baridi.

Meshaki akamkabidhi Wakili karatasi. Wakili aliipangusa kwa mkono wa koti, akakohoa, akasoma kama anayeapisha mtu:

— "Mlalamikaji ameitwa kwa mara ya tatu, hakufika. Mashahidi hawakufika. Shauri limefutwa. Mshtakiwa aachiwe."

Akageuza nyuma. Nyuma kulikuwa kweupe.

— Endelea, alisema Muddy.

— Imeisha.

Redio ndiye aliyeanza, kwa upole ambao si wake.

— Kaka, mimi sina ubaya. Ila hapa wamesema uachiwe. Hawajasema hukuiba.

— Kufutwa ni kushinda! Wakili alifoka. Kisheria shauri likifutwa, hata ng'ombe mwenyewe amefutwa. Hajawahi kuzaliwa!

— Kama hajazaliwa, nani alifungwa kwenye mgomba?

— Pengine alijifunga, alisema Muddy. Ng'ombe wa huku wana akili sana.

— Na huyo Andrea, mbona hakufika? Redio aliuliza. Si alikwenda kuchimba shaba Zambia? Akafia hukohuko. Labda aliona aibu. Au labda alilipwa asije.

— Alipwe na nani, na Meshaki alikuwa hana hata viatu?

— Mimi nauliza watakayouliza wengine kesho!

Wakazozana. Wakili akapendekeza asome maneno mawili tu, "shauri limefutwa", kisha akohoe mpaka watu wapige makofi. Redio akashauri waandike wenyewe ukurasa wa pili, kwa kuwa nafasi ipo. Meshaki hakuwasikia vizuri. Alikuwa ameitazama ile karatasi usiku kucha. Alidhani itamsemea. Kumbe ndani yake yeye alikuwa mshtakiwa tu, mtu aliyesimama na kuambiwa aende. Siku hizo zote tatu alikwenda mahakamani na maneno yake tayari mdomoni, na siku zote tatu zamu yake haikufika. Tangu hapo hakuna aliyeyataka. Waliomchukia waliamini aliiba. Waliompenda walimwambia, "Yamepita hayo, Meshaki," na hao ndio waliomuumiza zaidi.

— Samahani, alisema Hellen. Mimi ni mgeni, naomba mnisamehe nikikosea. Akamgeukia Meshaki. — Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu.

— Kwani, baba, huyo ng'ombe ulimwiba?

Redio alimtazama Muddy, Muddy akatazama dele. Wote waligundua kwa pamoja kwamba miaka yote hiyo, kahawa zote hizo, hakuna mmoja wao aliyeweza kumjibu mgeni yule, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuliza.

— Sikumwiba, alisema Meshaki.

Akashangaa jinsi neno lilivyokuwa dogo. Akaendelea. Kwamba asubuhi ile aliamka na kumkuta mtamba amefungwa kwa kamba asiyoijua, kwamba alimfungua amrudishe, na ndipo Andrea na ndugu zake walipomkuta njiani ameshika kamba. Kwamba hakujua nani alimfunga na mpaka leo hajui. Kwamba huyo mtamba alikuwa na doa jeupe pajani na alikuwa na kiu, na yeye alimnywesha kwanza maji kwenye sufuria ya mkewe, na mkewe akagombana naye kwa ajili ya sufuria.

Hakuna aliyemkatiza. Redio, aliyejulikana kwa kutomaliza kusikiliza chochote, alisikiliza mpaka mwisho na kahawa yake ikapoa.

— Sufuria aliiosha nani? aliuliza Hellen.

— Mimi, mwanangu. Kwa mchanga.

Hellen akacheka, na kijiwe chote kikacheka naye, kicheko ambacho safari hii kililisogeza jiwe.

Jumamosi uwanja ulijaa. Muddy alikuja na dele lake, Wakili na koti lake, Redio akasimama karibu na kipaza sauti kana kwamba ni cha kwake. Meshaki aliposhika maikrofoni tu, kule nyuma wakaanza: mbuuu! Karatasi yenye muhuri ilikuwa mfukoni. Mkono wake ulikwenda huko, ukasita, ukarudi.

— Lieni mpaka mchoke, alisema. Nitasubiri.

Walilia. Kulia kama ng'ombe kunachosha koo, na watu wazima wakaanza kuona haya. Kelele zilipopungua, alisema:

— Anayetaka kujua, aniulize mwenyewe.

Kisha katikati ya wanawake akasimama bibi mmoja aliyejifunga mgolole, akitegemea bega la jirani yake. Watu wa Mpuguso walimtambua wakaanza kugusana viwiko. Alikuwa Tusekile, dada yake Andrea, na siku ile Meshaki alipokutwa njiani ameshika kamba, alikuwepo.

— Meshaki! aliita, Kiswahili chake kikiwa na lafudhi ya Kinyakyusa. Wewe uliiba ng'ombe wa kaka yangu?

Meshaki alimtazama machoni.

— Sikumwiba, dada Tusekile. Nilikuwa namrudisha.

Bibi yule alimpima kama mtu anayepima mkungu wa ndizi sokoni. Uwanja mzima ulimsubiri.

— Haya, alisema, akaanza kukaa chini taratibu, mkono mmoja kiunoni. Endelea na habari ya maji.