Mama Msasa na Miba ya Lithiamu

Marehemu, tuliyemzoea kwa jina la Mama Msasa, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958, mtoto wa nne wa fundi saa. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1975, akajifunza kusaga lenzi za miwani, enzi ambazo mtu alifundishwa miaka mitatu kabla ya kuachiwa mashine. Siku hizi ni wiki mbili na cheti.

Alimkuta mumewe, seremala, akiuza meza. Akapitisha kidole juu ya meza. "Hapa hujamaliza." Seremala akamjibu, "Basi njoo umalize wewe." Walifunga ndoa tarehe 4 Aprili 1981.

Mwaka 2009 aliajiriwa kwenye maabara ya betri kung'arisha visahani vya kauri. Betri hizo hazina majimaji. Kisahani ndicho kinachotenganisha lithiamu na upande wa pili. Ukichaji kwa kasi, lithiamu huota miba myembamba, ikapenya kauri, betri ikapiga shoti. Wasomi walilaumu kauri. Yeye aligundua kwamba kisahani kikikaa hewani huvaa utando usioonekana, lithiamu ikashika hapa na kuachia pale, na miba ikaanzia hapo. Akataka king'arishwe ndani ya sanduku la kioo lisiloingiza hewa, na kisitoke tena. Miba ikapungua sana.

Februari mwaka huu saratani ilimlaza. Mkuu wa maabara alimfuata wodini na karatasi ya kuruhusu betri ziuzwe, iliyohitaji saini yake kama mkaguzi wa visahani.

"Weka saini tu, mama, upumzike."

"Mmechaji kwa muda gani?"

"Saa kumi."

"Na wanunuzi mmewaahidi muda gani?"

"Dakika kumi na tano."

"Basi chajini kwa dakika hizo, mpasue kisahani, ndipo uje. Na mgonjwa haendewi mikono mitupu."

Aliambiwa asiposaini, jina lake halitaingia kwenye hataza, hati ya haki ya uvumbuzi wake mwenyewe. Akageukia ukutani.

Tarehe 12 Juni mkuu alirudi na machungwa, na picha ya uzi mweusi uliopenya kauri.

"Umeanzia wapi?"

"Pembeni, mama. Tulikitoa kisahani nje ya sanduku kidogo."

"Kidogo ni dakika ngapi?"

Alifariki tarehe 14 Juni, saa tatu asubuhi, karatasi ikiwa haina saini.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano na kaka mmoja. Betri zile bado zimezuiwa kiwandani. Hataza haina jina lake.

Mola ampe pumziko jema.